Kupigania tabianchi bila kumkandamiza mnyonge: mwongozo kamili kwa mtu mmoja na kwa kundi

Ushauri mwingi kuhusu mabadiliko ya tabianchi huanza kwa kukuambia uzime taa. Si ushauri mbaya, ila unamtwika mzigo uleule mwenye nyumba ya vyumba kumi vyenye viyoyozi na yule ambaye umeme haujamfikia. Hesabu haziungi mkono usawa huo. Katika ripoti yake ya mwaka 2022, jopo la wanasayansi la Umoja wa Mataifa, IPCC, lilikadiria kwamba asilimia 10 ya kaya zinazochafua zaidi duniani huchangia kati ya asilimia 34 na 45 ya gesi joto zinazotokana na matumizi ya kaya. Nusu ya chini huchangia asilimia 13 hadi 15 tu. Ripoti nyingine ya jopo hilo, ya mwaka huohuo, inaeleza kuwa kati ya 2010 na 2020, vifo vilivyotokana na mafuriko, ukame na dhoruba vilikuwa mara 15 zaidi katika maeneo yaliyo hatarini sana kuliko katika yale yenye hatari ndogo.

Kwa hiyo hapa sitamwambia kila mtu afanye jambo moja. Hatua za mtu binafsi nimezifupisha makusudi. Za kundi ni ndefu, kwa kuwa huko ndiko maamuzi mazito hubadilika, na huko ndiko watu wengi wenye nia njema hukwama baada ya mikutano miwili mitatu.

Hatua ya 1: Jipime kwa safu tatu

Kabla ya kubadilisha chochote, chukua karatasi uigawe safu tatu. Katika safu ya kwanza andika mambo yanayomeza nishati nyingi maishani mwako: safari za ndege, gari binafsi, kupoza au kupasha nyumba joto, nyama ya ng'ombe, vitu vipya unavyonunua kabla vya zamani havijachakaa. Katika safu ya pili andika namna tabianchi inavyokuumiza wewe na walio karibu nawe: joto la usiku, mafuriko, maji kukauka, kazi ya juani, chakula kupanda bei. Safu ya tatu ndiyo husahaulika. Humo andika maamuzi ya watu wengine ambayo sauti yako inaweza kuyafikia. Umeajiriwa? Una mtoto shuleni? U mwanachama wa ushirika, chama cha wafanyakazi, nyumba ya ibada, umoja wa wapangaji? Unachangia mfuko wa pensheni? Unapiga kura?

Kama safu ya kwanza ndiyo ndefu, anza kwa kupunguza. Kama ndefu ni ya pili, huna haja ya kumwomba mtu radhi. Kazi yako ni kudai ulinzi na nishati safi, na huenda ukahitaji kutumia nishati nyingi kuliko unayotumia sasa. Zaidi ya watu bilioni 2 duniani bado wanapikia kuni, mkaa, samadi au mafuta ya taa, na Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 mwaka 2020. Anayevuta moshi huo kila siku hahitaji kufundishwa kubana matumizi.

Vikokotoo vya mtandaoni vya kupima kaboni ya mtu mmoja vinafaa kwa kazi moja: kukuonyesha kipi kizito na kipi chepesi. Tumia kimoja mara moja, upate picha, kisha ukiweke pembeni. Inafaa kukumbuka kwamba miongoni mwa waliovieneza sana, kuanzia mwaka 2004, ni BP, kampuni ya mafuta. Kila mtu akishughulika kuhesabu safari zake, hakuna anayebaki kumuuliza muuzaji.

Hatua ya 2: Punguza penye uzito

Ukisafiri kwa ndege, anza hapo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulikadiria kwamba mwaka 2018 ni kama asilimia 11 tu ya watu duniani waliopanda ndege, na kwamba asilimia 1 ya watu wote ilisababisha karibu nusu ya hewa ukaa ya usafiri wa anga wa kibiashara. Unganisha safari mbili ziwe moja, kaa muda mrefu zaidi ukifika, na mikutano ya saa moja ifanyike kwa video. Gari ni vilevile: swali la kwanza ni safari ngapi zinaweza kufanywa kwa basi, treni, baiskeli au miguu. Aina ya gari ni swali la baadaye.

Kupoza nyumba kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Gesi za kupozea za jamii ya HFC, zilizomo kwenye viyoyozi na majokofu mengi, hupasha dunia joto mamia hadi maelfu ya mara kuliko hewa ukaa ya uzito uleule. Ndiyo sababu nchi zilikubaliana Kigali mwaka 2016 kuzipunguza, kwa kuifanyia marekebisho Itifaki ya Montreal ya 1987, mkataba wa kulinda tabaka la ozoni. Wewe unahusika siku jokofu linapokufa. Mwulize fundi kama ana mtambo wa kuinyonya gesi na mtungi wa kuihifadhi. Akikuambia ataiachia tu hewani, tafuta mwingine. Na kabla ya kununua kiyoyozi kikubwa zaidi, paka paa rangi nyeupe, weka kivuli kwenye dirisha linalopigwa na jua la alasiri, safisha vichujio, ziba mianya. Balbu za LED hutumia umeme pungufu kwa takriban asilimia 75 kuliko za zamani za waya. Zibadilishe, usizifanye hoja.

Chakula kina mambo mawili. La kwanza ni kukitupa: Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, lilikadiria kuwa mwaka 2022 zilitupwa tani bilioni 1.05 za chakula, asilimia 60 zikitoka majumbani. Kinachooza dampo bila kupata hewa hutoa methani, ambayo katika miaka 20 ya kwanza hupasha joto zaidi ya mara 80 kuliko hewa ukaa. Nunua kwa orodha, pika kinachoisha, na mabaki yawe mboji. Igeuzegeuze na uichanganye na majani makavu, maana mboji iliyoshindiliwa ikiwa mbichi hutoa methani ileile. La pili ni nyama ya ng'ombe na ya wanyama wengine wanaocheua. Anayeila kila siku aipunguze. Anayeipata mara chache, au anayeishi kwa mifugo, hili halimhusu.

Yaliyobaki, kama mirija ya plastiki na chaja zilizoachwa ukutani, ni madogo. Wanasema haba na haba hujaza kibaba, lakini gesi joto hazijazwi kwa haba. Zinajazwa kwa mitambo, misitu inayokatwa na maamuzi ya bajeti.

Hatua ya 3: Tumia nafasi uliyo nayo tayari

Rudi kwenye safu ya tatu. Kazini, tafuta ni nani anayeidhinisha ununuzi wa magari, jenereta na tiketi za ndege, na mwaka wa fedha unafungwa lini. Shuleni, uliza paa linafaa kuwekewa sola au hapana, na watoto wanakaa wapi saa za joto kali. Kwenye mfuko wa pensheni, andika barua fupi ukiuliza fedha zenu zimewekezwa kiasi gani katika makaa ya mawe, mafuta na gesi, na nani anaweza kubadilisha sera hiyo. Usidhani ni swali la kuwapotezea muda: mwaka 2015 bunge la Norwei liliuagiza mfuko wa taifa wa nchi hiyo, ambao ni miongoni mwa mikubwa kabisa duniani, ujitoe katika kampuni zinazotegemea sana makaa ya mawe.

Utakutana na kampuni na taasisi nyingi zinazoahidi kufikia sifuri halisi ifikapo 2050, yaani kutotoa gesi joto nyingi kuliko zinazoondolewa hewani. Zipime kwa maswali manne. Wanalinganisha na mwaka gani? Lengo la 2030 ni lipi? Wamehesabu bidhaa wanayouza au taa za ofisi tu? Na ni sehemu gani ya ahadi inayotegemea kununua hati za kaboni, yaani kumlipa mtu mwingine apunguze gesi joto kwa niaba yao, badala ya kupunguza uchafuzi wenyewe? Kampuni ya mafuta inayohesabu umeme wa makao makuu na kuacha mafuta inayouza haijahesabu kitu.

Hatua ya 4: Undeni kundi, hata la watu watano

Wanawake wazee wa Uswisi waliishtaki nchi yao kwa kuzembea kupunguza gesi joto, wakisema mawimbi ya joto yanahatarisha maisha yao. Walioomba haki walikuwa wanawake wanne, pamoja na chama chao chenye wanachama zaidi ya 2,000. Aprili 2024 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ilitoa hukumu. Maombi ya wale wanne, kila mmoja kwa nafsi yake, yalikataliwa kwa kutotimiza vigezo vya kuwa mwathirika. Ombi la chama lilipokelewa, na likashinda. Sijui mfano ulio wazi kuliko huo wa kwa nini usibaki peke yako.

Huhitaji wanachama 2,000 kuanza. Watano hadi wanane wanatosha, mradi wawili au watatu wao wawe wale wanaoumia moja kwa moja: anayeishi bondeni, anayefanya kazi juani, anayemlea mgonjwa wa pumu. Kundi la wenye nafasi tu huishia kudai vitu vinavyowapendeza wenye nafasi. Usiwaalike waathirika waje kutoa ushuhuda kisha waondoke. Wakae mezani siku dai linapoandikwa, na wawe na uwezo wa kulikataa.

Kikao cha kwanza kisizidi saa moja na nusu. Kila mtu aeleze anaumia wapi na anamjua nani. Hilo la pili lina thamani kubwa kuliko watu wanavyodhani, kwani kundi lisilo na fedha linaweza kuwa na mtu aliyesoma darasa moja na karani wa baraza la mji. Kisha gawaneni kazi nne: mratibu, mwandishi wa kumbukumbu, mtunza fedha, msemaji. Msemaji asiwe mratibu, na nafasi hizo zizunguke baada ya muda mliokubaliana, la sivyo kundi litageuka mali ya mtu.

Mambo ya kawaida ndiyo huua makundi mengi. Saa ya kikao ikigongana na saa ya kulisha watoto, wanawake hawatakuja, na mtasema hawana mwamko. Mahali pakiwa na ngazi, mwenye kiti cha magurudumu amefungiwa nje. Nauli ikiwa shida, warudishieni wanaohitaji, kimyakimya. Lugha ya kikao iwe ya yule asiyesoma ripoti. Fedha, hata zikiwa kidogo, zisainiwe na wawili na hesabu isomwe kila kikao. Kumbukumbu zinatosha kuwa ukurasa mmoja: tumeamua nini, nani anafanya, kabla ya lini.

Hatua ya 5: Andikeni dai moja linaloweza kujibiwa ndiyo au hapana

“Tunataka hatua za tabianchi” si dai. Kila kiongozi atalikubali, apige picha nanyi, na hakuna kitakachofuata. Dai lina sehemu nne: nani aamue, aamue nini, wapi, na kabla ya lini. Kwa mfano: “Baraza la mji lipitishe katika bajeti ijayo fungu la miti ya kivuli na vituo vya maji ya kunywa katika mitaa mitatu yenye joto kali zaidi.” Au: “Menejimenti ikubali kwamba joto likipita kiwango tulichoafikiana, kazi za nje zianze alfajiri na mapumziko ya kivulini yalipwe.” Dai la namna hii likikataliwa, mnajua limekataliwa. Likikubaliwa, mnaweza kulifuatilia.

Kisha choreni ramani ya mamlaka. Katikati muwekeni mtu mmoja mwenye saini, kwa cheo chake. “Serikali” haiwezi kupokea barua. Mkurugenzi fulani anaweza. Mzungusheni na wanaomshauri, wanaompa fedha, wanaompigia kura, wanaoweza kumwaibisha. Kwa kila mmoja andikeni msimamo wake mnaoujua, na nani kati yenu ana njia ya kumfikia. Mara nyingi mtagundua kwamba mlengwa wenu hawezi kuamua peke yake, au kwamba uamuzi ulishapita kwa mwaka huu.

Ndiyo maana kalenda ya bajeti ni silaha. Ulizeni rasimu huanza kuandaliwa mwezi gani, maoni ya wananchi hupokelewa lini, kura hupigwa lini. Hesabuni kurudi nyuma. Kundi linalofika na mabango wiki ya kura limechelewa, maana mafungu yalishagawanywa zamani. Penye utaratibu wa wananchi kupanga sehemu ya bajeti wenyewe, kama ule ulioanzia Porto Alegre, Brazil, mwaka 1989 na kusambaa katika miji mingi duniani, ingieni humo mapema. Utaratibu huo usipokuwapo kwenu, kuudai kunaweza kuwa ndilo dai lenu la kwanza.

Hatua ya 6: Lipitisheni dai kwenye maswali ya haki

Mwishoni mwa 2018 serikali ya Ufaransa ilipanga kupandisha kodi ya mafuta ya magari, hatua ambayo kwenye karatasi ilikuwa na faida kwa tabianchi. Watu wa vijijini na pembezoni mwa miji, wasio na basi wala treni, walivaa vizibao vya njano wakafunga barabara. Desemba mpango ukafutwa. Hawakuwa wanapinga sayansi; walikuwa wanauliza kwa nini bili iletwe kwao. Hatua ya tabianchi isiyo ya haki huwaumiza watu kwanza, kisha hushindwa. Kwa hiyo kabla ya kulitoa dai lenu hadharani, jibuni haya kwa maandishi.

Nani atalipa, na kama ni kwa bei au kodi, maskini atarudishiwa nini na kwa njia gani? Nani atapoteza kazi? Mkataba wa Paris wa 2015 wenyewe unataja mpito wa haki kwa wafanyakazi. Ujerumani ilifunga mgodi wake wa mwisho wa makaa ya mawe magumu mwezi Desemba 2018, baada ya makubaliano ya 2007 yaliyowapa wachimbaji miaka ya kustaafu mapema au kuhamia kazi nyingine. Dai la kufunga kitu bila mpango wa waliokuwa wakikitegemea litawapa wapinzani wenu jeshi lililo tayari, tena lenye haki ya kukasirika.

Swali linalofuata ni la ardhi, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu miti inapendwa na kila mtu. Shamba la miti linaweza kumfukuza mfugaji, kukausha kisima, au kuuzwa kama hati za kaboni ambazo fedha zake mwenyeji hazioni. Ulizeni ardhi ni ya nani kisheria na kimila, nani huipitia, maji yatatoka wapi. Azimio la Umoja wa Mataifa la 2007 kuhusu haki za watu wa asili linazitaka nchi kupata ridhaa yao huru, ya mapema na yenye taarifa kamili kabla ya kuidhinisha miradi inayogusa ardhi yao. Kuwapitishia karatasi ya mahudhurio isainiwe si ridhaa. Tena mwulizeni mfadhili analipia nini. Vuguvugu la Green Belt, lililoanzishwa na Wangari Maathai mwaka 1977, liliwapa wanawake malipo madogo kwa kila mche uliopona. Miradi mingi leo hulipia mche uliopandwa, na picha ya siku ya kupanda ndiyo hubaki.

Mwisho, nani hayumo chumbani? Mpangaji, mhamiaji asiye na hati, mtu mwenye ulemavu, mtoto. Kama dai lenu litaboresha mtaa hadi kodi ya nyumba ipande na wapangaji waondolewe, ongezeni kifungu cha kuwalinda sasa.

Hatua ya 7: Kusanyeni ushahidi wenu wenyewe

Si lazima msubiri taasisi ya utafiti. Kwa joto, tumieni vipimajoto vya aina moja, vikiwa kivulini, kimo cha kifua au kichwa, mbali na ukuta na injini, na msome saa zilezile kila siku, pamoja na usiku, kwa kuwa joto lisiloshuka usiku ndilo huwachosha wazee na wagonjwa. Pimeni pia mtaa wenye miti, muweze kulinganisha. Kwa mafuriko, wekeni alama kwenye nguzo na daftari lenye tarehe, saa, kimo cha maji, nyumba ngapi, siku ngapi watoto hawakwenda shule. Picha ziwe na tarehe na mahali. Msipige sura ya mtu bila idhini yake.

Andikeni pia siku ambazo hakuna kilichotokea. Daftari linaloonyesha maafa tupu halimshawishi mhandisi wa baraza, na ndiye mnayehitaji kumshawishi.

Ombeni nyaraka rasmi: bajeti iliyopita, mkataba wa mkandarasi, tathmini ya athari kwa mazingira. Nchi nyingi zina sheria ya haki ya kupata taarifa yenye muda maalumu wa kujibiwa. Ombeni kwa maandishi na mtunze nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, hata kama ofisi imezoea mambo ya mdomo.

Hatua ya 8: Pandeni ngazi moja baada ya nyingine

Anzeni na barua ya ukurasa mmoja yenye dai, ushahidi na tarehe ya kutarajia jibu. Ombeni kikao. Nendeni watatu: mmoja aongee, mmoja aandike, mmoja awe mwathirika. Mkiahidiwa jambo, lirudieni pale pale kwa sauti, kisha jioni hiyo tumeni barua inayosema “kama tulivyokubaliana”. Tarehe ikipita kimya, panda ngazi: saini za wakazi, mkutano wa hadhara, redio, magazeti. Mwandishi wa habari hapewi hotuba. Mpeni daftari lenu na mtu wa kuongea naye. Baadaye maandamano ya amani, kwa kufuata sheria ya taarifa au vibali mahali mlipo, mkiwa na mwanasheria aliyekwisha kuambiwa.

Kila ngazi impe mlengwa nafasi ya kusema ndiyo bila kudhalilika. Kuna raha ya kumtukana kiongozi, na hugharimu sana pale anapokuwa ndiye pekee mwenye kalamu.

Mahakama ni ngazi ya juu na ya gharama, lakini imezaa matunda. Shirika la Urgenda pamoja na raia karibu 900 waliishtaki Uholanzi. Walishinda mwaka 2015, na Desemba 2019 Mahakama Kuu kabisa ya nchi hiyo ikathibitisha kwamba serikali lazima ipunguze gesi joto kwa angalau asilimia 25 kufikia mwisho wa 2020, ikilinganishwa na 1990. Wanafunzi wa sheria wa visiwa vya Pasifiki walifika mbali zaidi. Mwaka 2019, wakisoma Vanuatu, walianza kuzishawishi serikali zao ziombe maoni ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki. Vanuatu ikalibeba wazo, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likapitisha azimio Machi 2023 bila kupingwa, na Julai 2025 mahakama ikatamka kwamba nchi zina wajibu wa kisheria wa kulinda tabianchi, na kwamba kuukiuka kunaweza kuzaa wajibu wa kulipa fidia. Yalianzia darasani, yakachukua miaka sita, na hawakuwa na cheo chochote. Walichokuwa nacho ni ombi moja lililoeleweka na mlengwa aliyefaa.

Hatua ya 9: Okoeni watu wakati mnasubiri

Dai linaweza kuchukua miaka, joto halisubiri. Julai 1995 wimbi la joto liliua zaidi ya watu 700 Chicago, wengi wao wazee maskini waliokuwa wakiishi peke yao. Hatari yao kubwa ilikuwa kukosa mtu wa kugonga mlango. Hiyo ni kazi kundi lenu linaweza kuianza wiki hii. Tengenezeni orodha ya wanaoishi peke yao, wagonjwa, wajawazito na watoto wachanga, kwa idhini yao. Kila jina lipate mtu mmoja wa kumtembelea mara mbili kwa siku joto linapopanda. Kubalianeni chumba gani chenye ubaridi kitafunguliwa na nani ana ufunguo. Mtu aliyechanganyikiwa, mwenye ngozi ya moto au aliyezimia kwa joto ni dharura: iteni msaada wa matibabu na mpozeni mara moja kwa maji na upepo mkisubiri.

Jiji la Ahmedabad, India, lilipoteza zaidi ya watu 1,300 katika joto la Mei 2010. Mwaka 2013 likawa na mpango wa joto wenye tahadhari za rangi, mafunzo kwa wahudumu wa afya na vituo vya maji, na miji mingine ikaufuata. Bangladesh ni somo kubwa zaidi. Kimbunga cha 1970 kiliua watu wasiopungua 300,000. Kimbunga Sidr cha 2007, kilichokuwa kikali pia, kiliua takriban 3,400. Tofauti ililetwa na makazi ya kujikinga, tahadhari za mapema, na makumi ya maelfu ya wajitolea wanaotembea na vipaza sauti na bendera nyumba kwa nyumba. Fanyeni zoezi la tahadhari angalau mara moja kabla ya msimu. Asiyesikia ataambiwaje? Asiyeweza kutembea atabebwa na nani? Mifugo itapelekwa wapi? Swali hili la mwisho huonekana dogo kwa wapangaji wa mjini, lakini watu hukataa kuhama kwa sababu yake.

Hatua ya 10: Lindeni kundi, na mfuatilie ushindi

Panapokuwa na ardhi au fedha kubwa, kuna hatari. Msimtume mtu peke yake kwenye kikao chenye uhasama au kupiga picha eneo la mradi. Namba ya mwanasheria iandikwe kwenye karatasi, maana simu huchukuliwa kwanza. Majina ya wanaotoa taarifa yasikae kwenye kundi la ujumbe lenye watu mia. Mfadhili akija, ulizeni anapata faida gani dai lenu likishinda, na muwe tayari kumkatalia.

Uchovu nao ni wa kupangiwa ratiba. Baada ya kila kampeni wekeni mapumziko rasmi, na aliyebeba kazi nyingi mara hii asipewe tena mara inayofuata, hata akijitolea.

Kisha kuna siku mnayoambiwa ndiyo. Makundi mengi husherehekea na kutawanyika hapo, na fungu la fedha huhamishiwa kwingine taratibu. Siku hiyohiyo wateueni wawili wa kufuatilia. Waombe nakala ya uamuzi uliosainiwa, namba ya fungu kwenye bajeti, jina la mkandarasi na tarehe ya kuanza. Waende kwenye eneo la kazi kila mwezi na daftari lilelile la vipimo. Matokeo yabandikwe mahali wakazi wote wanaweza kuyasoma, pamoja na yale ambayo hayajafanyika na cheo cha anayepaswa kuyafanya. Miti ikipandwa, hesabuni iliyo hai baada ya mwaka mmoja, mpeleke hesabu hiyo kwenye kikao cha bajeti kinachofuata.